Je, Wajua? Fangasi Anapoingia Kwenye Damu

Je, wajua kwamba fangasi wa damu mara nyingi hatoki mbali?

Mara nyingi mgonjwa alikuwa naye tangu zamani. Candida albicans, fangasi wa jamii ya hamira, anaishi mdomoni, utumboni na sehemu za siri za watu wengi wenye afya njema, na wala hawana habari naye. Mama anayenyonyesha humtambua kwa ule utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto. Huko akileta tabu, ni tabu ya kutibika. Hatari huja pale anapopenya ukuta wa utumbo, au anapojishikiza kwenye mpira uliopitishwa ndani ya mshipa mkubwa wa damu, akasambaa hadi kwenye figo, moyo, ubongo na macho.

Mwaka 1969 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa. Mtu mzima mwenye afya alikunywa kiasi kikubwa mno cha Candida albicans. Baada ya saa chache homa ikampanda, na fangasi yule yule akaota kutoka kwenye damu yake na mkojo wake. Alipona. Lakini tangu hapo ni vigumu kubisha kwamba hamira, ikizidi, inaweza kuvuka hata utumbo usio na jeraha.

Wanaopatwa hasa ni watoto njiti, wagonjwa mahututi, waliopasuliwa tumbo, wanaotibiwa saratani, na waliokaa muda mrefu kwenye antibiotiki kali. Antibiotiki hazimuui fangasi. Huua bakteria waliokuwa wakimbana, naye akabaki na uwanja mzima.

Je, wajua kwamba maabara humtambua kwanza kwa hewa anayoitoa?

Kipimo mama ni kuotesha damu. Muuguzi huvuta damu mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mgonjwa mtu mzima, na chupa huingizwa kwenye mashine yenye joto la mwili. Humo ndani hamira hula sukari, hugawanyika na kutoa kaboni dayoksaidi, hewa ile ile inayoumua unga wa maandazi. Rangi iliyo kitakoni mwa chupa hubadilika na mashine hutoa ishara. Kwa Candida ishara hiyo huja kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu. Candida glabrata huchelewa zaidi. Chupa huachwa siku 5 kabla ya kutangazwa kwamba hakuna kilichoota.

Natamani kila mwenye mgonjwa katika chumba cha mahututi ajue mambo mawili kuhusu chupa hiyo. La kwanza, karibu nusu ya maambukizi ya Candida yaliyozama mwilini hayaonekani humo, kwa sababu seli zenyewe ni chache kwenye damu au zimekwisha kujificha kwenye viungo. Chupa isiyoota kitu haimwondolei mgonjwa shaka. La pili ni kinyume chake: Candida akiota, hata kwenye chupa moja tu, hachukuliwi kuwa uchafu. Kuna bakteria wa ngozi ambao daktari anaweza kusema waliingia kwa bahati mbaya wakati wa kuchoma sindano. Kwa Candida utetezi huo haukubaliki. Mgonjwa huanzishiwa dawa.

Tena huanzishiwa upesi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa wa fangasi wa damu waliopewa dawa ya flukonazoli. Kati ya walioanza dawa siku ile ile chupa ya kwanza ilipochukuliwa, asilimia 15 walifariki. Walioanza siku iliyofuata, asilimia 24. Siku ya pili yake, 37. Siku ya tatu au zaidi, 41. Soma tena namba hizo ukikumbuka kwamba chupa yenyewe huweza kuchukua siku mbili kabla ya kutoa ishara.

Je, wajua kwamba kusema "ni fangasi" hakumtoshi daktari?

Spishi nne au tano ndizo husababisha sehemu kubwa kabisa ya maambukizi ya Candida kwenye damu, na kila moja ina tabia yake mbele ya dawa. Candida albicans kwa kawaida hutii flukonazoli, dawa ya bei nafuu inayopatikana karibu kila duka la dawa Afrika Mashariki. Candida krusei hatii kabisa. Amezaliwa na usugu huo, na kumwongezea mgonjwa vidonge ni kupoteza muda wake. Candida glabrata yuko katikati, huhitaji dozi kubwa au dawa nyingine. Candida parapsilosis, anayependa mipira ya mishipani na mikono ya wahudumu, huhimili kiasi dawa za kundi la ekinokandini.

Halafu yuko Cryptococcus, hamira asiye Candida, ambaye hapa kwetu huonekana kwa watu wenye UKIMWI uliokomaa. Huyo ekinokandini hazimgusi. Maabara ikisema tu "hamira imeonekana" na daktari akaanza ekinokandini, mgonjwa wa Cryptococcus atakuwa amelala kitandani bila tiba. Ndiyo maana tone la wino mweusi juu ya kioo cha hadubini bado lina heshima yake: wino haupenyi utando mnene unaomzunguka Cryptococcus, kwa hiyo seli hung'aa ndani ya duara jeupe. Siku hizi kuna pia kijiti cha kupimia chembe zake kwenye damu, kinachotoa jibu kwa dakika 10.

Je, wajua kwamba mmoja wa fangasi hawa yumo kwenye togwa?

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa togwa ya Tanzania, kinywaji cha nafaka kilichochachushwa. Kati ya hamira zilizopatikana humo ilikuwamo iliyoitwa Issatchenkia orientalis. Mwaka 2018 wanasayansi walilinganisha vinasaba na kuonyesha kwamba hamira hiyo, pamoja na Pichia kudriavzevii inayotumika viwandani, na Candida krusei anayeogopwa hospitalini, ni spishi moja yenye majina tofauti.

Hakuna sababu ya mtu mwenye afya kuiogopa togwa yake. Vizazi vimekuzwa kwa togwa. Kinachonishangaza ni kwamba kiumbe anayechachusha uji wa mtoto bila madhara ndiye huyo huyo anayeidharau flukonazoli akifika kwenye damu ya mgonjwa wa saratani. Mahali alipo ndipo panapoamua.

Hali ni hiyo hiyo kwa hamira ya Saccharomyces boulardii, inayouzwa kama dawa ya kuharisha. Wagonjwa mahututi wamewahi kuambukizwa nayo kwenye damu, wengine hata hawakuinywa wao: pakiti ilifunguliwa kitanda cha jirani, unga ukaruka hewani au ukabaki mikononi mwa mhudumu, ukaingia kwenye mpira wa mshipa. Ulaya imepiga marufuku kuwapa dawa hiyo wagonjwa wenye mipira ya namna hiyo.

Je, wajua kwamba jaribio moja la kumtaja fangasi linahitaji tu majimaji ya damu na saa tatu?

Mtaalamu wa maabara huchukua nusu mililita ya sirumu, majimaji ya njano yanayobaki damu ikiganda. Kwa ncha ya kijiti hugusa koloni moja jeupe, yaani kundi la fangasi lililoota kwenye sahani, kisha hukoroga kidogo tu mpaka sirumu ipate ukungu hafifu. Akizidisha, jaribio huharibika. Mrija huwekwa kwenye nyuzi joto 37 kwa saa mbili hadi tatu, kisha tone hutazamwa kwa hadubini. Kama ni Candida albicans, seli za mviringo zitakuwa zimechomoza vijiti vyembamba, na penye kiungo kati ya seli na kijiti hapana mbano. Macho mageni huchanganya hapo: spishi nyingine huweza kutoa kitu kinachofanana, lakini kimebanwa kiunoni. Jicho la fundi huenda moja kwa moja kwenye kile kiungo.

Jaribio hili lina zaidi ya nusu karne na gharama yake ni ndogo sana. Lina dosari moja inayojulikana. Candida dubliniensis, aliyetajwa rasmi mwaka 1995 baada ya kupatikana midomoni mwa watu wenye VVU mjini Dublin, naye huchomoza vijiti.

Sahani za rangi husaidia kuendelea. Ndani ya agari, ute wa kuoteshea fangasi, hutiwa kemikali ambazo vimeng'enya vya kila spishi huzikata kwa namna yake: albicans huota kijani, Candida tropicalis bluu ya kiza, krusei waridi iliyoparuza na kukauka. Faida yake kubwa naiona kwa mgonjwa mwenye fangasi wawili kwa mpigo. Kwenye sahani ya kawaida wote ni weupe na mmoja humficha mwenzake.

Je, wajua kwamba leza humtaja kwa dakika chache?

Koloni hupakwa kwenye bamba la chuma, hufunikwa kwa kemikali, kisha hupigwa leza. Protini zake huruka ndani ya bomba lisilo na hewa, nyepesi zikitangulia, nzito zikifuata, na mpangilio wa kufika kwao hulinganishwa na kumbukumbu zilizomo kwenye kompyuta. Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu ya Japani, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2002 kwa kuonyesha kwamba leza inaweza kuzirusha protini bila kuzivunja. Alikuwa amechanganya gliserini na unga wa kobalti kimakosa, akaona ni hasara kuutupa mchanganyiko, akaujaribu. Mashine za hospitali za leo hufuata zaidi njia ya Wajerumani Franz Hillenkamp na Michael Karas.

Lakini mashine yoyote ya utambuzi haiwezi kutaja jina ambalo haijafundishwa, na kisa cha Nairobi kinaonyesha hilo vizuri.

Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa na Candida auris kabla dunia haijamzoea?

Candida auris alielezwa mwaka 2009, baada ya kupatikana sikioni mwa mwanamke wa miaka 70 mjini Tokyo. Alionekana kiumbe wa kawaida tu. Baadaye wanasayansi walipofukua sampuli za zamani walimkuta katika damu iliyohifadhiwa Korea Kusini tangu mwaka 1996. Ndani ya miaka michache alikuwa amejitokeza India, Afrika Kusini, Venezuela na kwingineko, na vinasaba vilionyesha kwamba hakusafiri kutoka mahali pamoja: makundi yake yalikuwa tofauti na yaliibuka karibu wakati mmoja.

Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, wataalamu waliona kitu kisicho cha kawaida mapema. Mashine ya utambuzi ilikuwa ikitoa mara kwa mara jina la Candida haemulonii, fangasi adimu ambaye hakuna aliyetarajia kumwona kwa wingi hivyo. Hawakulipuuza. Uchunguzi wa kina ulionyesha kwamba alikuwa Candida auris, na ripoti yao iliyohusu miaka ya 2010 hadi 2016 ilimtaja kuwa ndiye aliyeongoza, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa Candida wa damu, akimpita hata albicans. Mashine za aina hiyo zilikuwa zikikosea vivyo hivyo kila mahali, kwa sababu jina la auris halikuwamo kwenye kumbukumbu za mashine hizo. Nyingine zilimwita hata hamira ya mkate.

Kuna dalili moja rahisi ya kuwatenganisha: auris huota kwenye nyuzi joto 42, haemulonii hawezi. Uwezo huo wa kuhimili joto umewafanya baadhi ya wanasayansi, akiwamo Arturo Casadevall, wapendekeze mwaka 2019 kwamba kuongezeka kwa joto la dunia ndiko kulikomzoesha fangasi huyu joto la mwili wa binadamu. Ni dhana tu, haijathibitishwa. Mwaka 2021 alipatikana kwa mara ya kwanza nje ya hospitali na binadamu, kwenye fukwe na kinamasi cha chumvi cha visiwa vya Andaman, katika Bahari hii hii ya Hindi.

Takwimu za Marekani zimeonyesha kwamba takriban asilimia 90 ya sampuli zake huwa sugu kwa flukonazoli, na karibu theluthi moja kwa dawa nyingine ya fangasi, amfoterisini B. Hubaki pia kwenye vitanda na vifaa kwa wiki kadhaa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, spishi au makundi 19, lilimweka katika ngazi ya juu kabisa pamoja na wengine watatu tu: Cryptococcus neoformans, Aspergillus fumigatus na Candida albicans.

Je, wajua kwamba mafuta ya zeituni ni kifaa cha maabara?

Malassezia, fangasi wa mba ya kichwani, hawezi kuota bila mafuta. Watoto njiti wanaolishwa mafuta kupitia mshipani huweza kumpata kwenye damu. Kwenye sahani ya kawaida hatokei, mpaka mtu akumbuke kudondoshea tone la mafuta ya zeituni juu ya agari.

Je, wajua kwamba dawa hupimwa kwa visima 96?

Jina likishajulikana, linabaki swali la pili: huyu wa mgonjwa huyu anatii dawa gani? Spishi moja huweza kuwa na watiifu na wakaidi.

Sahani ya plastiki inayokaa kiganjani ina visima vidogo 96. Katika safu moja flukonazoli hupangwa kwa kuongezwa maradufu, kutoka sehemu ndogo ya miligramu kwa lita hadi 64. Kila kisima hutiwa idadi ya hamira iliyopimwa na mchuzi wa virutubisho uitwao RPMI, ambao ulibuniwa katika kituo cha saratani cha Roswell Park, Buffalo, kwa ajili ya kukuzia chembe za damu za binadamu. Sahani hukaa kwenye nyuzi 35 kwa saa 24. Kisha mtaalamu huiweka juu ya kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa, akasoma visima kutoka chini: penye fangasi pana kitufe cheupe, palipozuiwa pako safi. Kisima cha dozi ndogo kuliko zote kilichomzuia ndicho jibu, na maabara hulitaja kwa herufi tatu, MIC.

Usomaji wenyewe una mitego. Kwa amfoterisini B kisima lazima kiwe safi kabisa. Kwa flukonazoli hutafutwa pale uotaji unapopungua hadi nusu, kwa sababu dawa hii humdumaza fangasi kuliko kumuua, na baadhi ya sampuli huacha ukungu mwembamba safu nzima. Asiyejua ataita ukungu huo usugu, na mgonjwa atanyimwa dawa ambayo ingemfaa. Kwa hiyo kila mara hupimwa pembeni sampuli mbili za mfano ambazo majibu yake yanajulikana duniani kote, moja ya krusei na moja ya parapsilosis. Zikitoa jibu lisilo lao, majibu ya siku hiyo hayatolewi.

Kisha namba hutafsiriwa, na tafsiri imebadilika. Zamani kanuni za Marekani zilihesabu albicans mwenye MIC hadi 8 kuwa mtiifu kwa flukonazoli. Sasa mtiifu mwisho wake ni 2, na 8 ni sugu. Fangasi hakubadilika, ila ushahidi uliongezeka. Maabara inayotumia jedwali lililopitwa na wakati inaweza kumpa daktari neno la faraja lisilo la kweli, na hili naliona kosa zito kuliko kukosa kupima.

Kwa maabara zisizo na sahani hizo ipo njia ya vidonge vya karatasi, inayotumia agari ya kawaida ya bakteria iliyoongezwa glukosi asilimia 2 na rangi ya methilini bluu. Karatasi yenye mikrogramu 25 za flukonazoli huwekwa juu, na kesho yake hupimwa kwa rula upana wa duara lililobaki tupu. Hospitali ya mkoa inaweza kuifanya.

Je, wajua kwamba mtiifu kwenye kisima si lazima atii mwilini?

Watafiti John Rex na Michael Pfaller waliandika mwaka 2002 kwamba maambukizi ya vimelea watiifu hupona takriban mara 90 kati ya 100, na ya wasiotii hupona takriban mara 60. Pengo hilo huelezwa na hali ya mgonjwa, jipu lisilokamuliwa, na mpira wa mshipani ulioachwa palepale ukiwa umefunikwa na utando wa fangasi. Ndiyo maana mwongozo wa tiba husisitiza mpira utolewe mapema inapowezekana, na macho yapimwe na daktari wa macho, kwa kuwa fangasi huweza kutua kwenye retina na kupofusha.

Damu huchukuliwa tena kila siku au kila baada ya siku moja mpaka chupa isiote kitu. Siku 14 za dawa huhesabiwa kuanzia chupa hiyo safi, si kuanzia kidonge cha kwanza. Chupa ikiendelea kuota, fangasi mpya hupimwa upya kama mgeni, hata jina likiwa lile lile. Candida glabrata amewahi kuingia kwenye matibabu ya ekinokandini akiwa mtiifu na kuwa sugu baada ya wiki chache, kwa badiliko dogo katika jeni la FKS linaloongoza ujenzi wa ukuta wa seli yake.